Usiitupe okidi maua yakianguka

Huletwa ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa na utepe. Pengine ni zawadi ya mahafali kule Kabarak, pengine ni shemeji aliyekuja kumwona mama aliyejifungua, pengine ni watoto wanaofanya kazi Nairobi wamemkumbuka mzazi wao. Okidi hupewa mahali pa heshima, juu ya kabati la televisheni au katikati ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, na kwa miezi miwili au mitatu haingii mgeni asiyeuliza kama hilo ni ua la kweli au la plastiki.

Kisha maua huanza kudondoka, moja baada ya jingine, mpaka kinabaki kijiti kitupu na majani manne au matano mazito. Chungu huhamishwa kutoka mezani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi nyuma ya mlango wa jikoni, na siku ya usafi wa nyumba huishia kwenye shimo la taka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Okidi hata jembe hainyimwi tu, bali hufukuzwa kabisa.

Mpenzi msomaji, mmea huo haujafa. Umepumzika. Tena wewe unayeishi Kiamunyi una bahati ambayo mkazi wa Mombasa hana, kama tutakavyoona. Okidi iliyotunzwa vyema huweza kuchanua kila mwaka kwa miaka mingi, na hiyo unayotaka kuitupa imekwisha kumgharimu mkulima miaka miwili au mitatu ya kuilea kabla haijatoa ua lake la kwanza. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula ndani yake. Porini huhitaji msaada wa kuvu maalumu ili ziote. Ni tangu mwaka 1922, mtaalamu wa Marekani Lewis Knudson alipoonyesha kuwa zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa chakula chenye sukari, ndipo watu walipoanza kuzizalisha kwa wingi bila kutegemea kuvu hiyo. Ndiyo sababu bei yake hupita kwa mbali ile ya shada la waridi la Naivasha.

Mmea wa juu ya mti

Okidi inayouzwa sana kwa ajili ya kuwekwa nyumbani ni ya jamii ya Phalaenopsis. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume mwaka 1825, nalo lina maana ya kitu kinachofanana na nondo, kwa jinsi maua yake yanavyokaa kama wadudu hao waliotandaza mabawa. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, katika nchi kama Ufilipino na Indonesia.

Huko haioti ardhini. Hujishikiza kwenye matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani, ikinyeshewa na mvua na kukaushwa na upepo baada ya saa chache. Hainyonyi mti ulioibeba. Umeipa mahali pa kukaa tu, kama mpangaji asiyekula jikoni mwa mwenye nyumba. Mizizi yake imefunikwa kwa ngozi nyeupe kama sponji, inayofyonza maji haraka na kuyahifadhi.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi. Mama wa nyumba mwenye mkono mzuri wa kupanda sukuma wiki na mawaridi ndiye anayeweza kuiua okidi upesi kuliko wengine, kwa sababu huihamishia kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na samadi na kuimwagilia kila jioni. Mizizi iliyozoea upepo hukosa hewa, huoza, na majani hulegea. Mwenyewe akiona majani yamelegea, hudhani ni kiu, naye huongeza maji.

Wala okidi si wageni kabisa kwetu. Kenya ina aina za asili zaidi ya 200, nyingi zikiwa katika misitu ya nyanda za juu na nyingine pwani. Mkulima wa Uganda anayevuna vanila anavuna matunda ya okidi pia, ingawa asili yake ni Meksiko. Ua la vanila huchavushwa kwa mkono kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mvulana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius.

Baridi ya Kiamunyi

Kitu kinachoiambia Phalaenopsis kwamba wakati wa kutoa maua umefika ni baridi. Si baridi ya kuganda, bali kupungua kwa joto kwa wiki nne hadi sita. Mmea ukikaa mahali penye joto linalozidi nyuzi 28 za Selsiasi, huendelea kutoa majani tu. Joto likishuka, mchana likiwa chini ya nyuzi 25 au hivi na usiku likiwa kati ya 15 na 18, kikonyo cha maua huanza kuchomoza.

Wakulima wakubwa wa Uholanzi hutumia siri hiyo hiyo. Katika nyumba zao za vioo, mimea michanga hulelewa kwenye joto la nyuzi 27 au 28 ili isichanue mapema, kisha huhamishiwa kwenye chumba cha nyuzi 19 au 20 ili itoe maua wakati soko linapoyataka. Hulipia gharama kubwa ya kupasha joto na kupoza.

Mkazi wa Kiamunyi halipi chochote. Mtaa huo uko magharibi ya Menengai, kando ya barabara inayotoka jijini Nakuru kwenda Kabarak na Eldama Ravine, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hapa mtu hulala na blanketi mwaka mzima. Mwezi Julai, mawingu yanapotanda asubuhi na watoto wakaenda shule wamevaa sweta mbili, sebule ya nyumba ya mawe huwa karibu kabisa na kile chumba cha Mholanzi. Linganisha na Mombasa, ambako hata Julai joto la mchana hufika nyuzi 27 au 28, na usiku ni nadra kupoa vya kutosha. Huko Phalaenopsis inaweza kustawi na kunawiri majani, lakini maua yakawa ndoto, isipokuwa kwa mwenye kiyoyozi.

Tahadhari moja, lakini. Kuna wanaosikia habari hii ya baridi wakakimbilia kuiweka okidi varandani usiku kucha. Usiku wa Nakuru nje ya nyumba huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na hiyo ni baridi ya kuumiza mmea wa misitu ya joto. Majani hupata madoa yaliyobonyea na matumba hudondoka. Iache ndani, karibu na dirisha, bila jani kugusa kioo. Kama nyumba yako ni ya mabati yasiyo na dari, itafutie chumba ambacho hakichomi mchana wala kugandisha usiku.

Sasa swali ambalo msomaji makini tayari analo: ikiwa baridi ipo Kiamunyi mwaka mzima, mbona okidi nyingi za huko hazichanui tena? Jibu ni kwamba baridi ni ishara tu. Mmea unaoipata ishara hiyo ukiwa na njaa au ukiwa hauna mizizi hauwezi kuitikia. Kwa hiyo wa Kiamunyi asihangaike na kipimajoto. Aangalie mwanga, kisha aangalie mizizi. Kwa maoni yangu, mwanga ndio mshitakiwa wa kwanza.

Dirisha lipi?

Sebule zetu zina giza. Tunajenga varanda pana mbele, tunaweka vyuma dirishani, kisha neti, kisha pazia zito la kuzuia vumbi na macho ya majirani. Binadamu haoni tatizo kwa sababu macho yake huzoea. Okidi iliyo juu ya kabati la televisheni, hatua nne kutoka dirishani, hupata sehemu ndogo sana ya mwanga unaoihitaji. Hiyo inatosha kuiweka hai, haitoshi kutengeneza maua.

Majani yenyewe hutoa ushahidi. Yakiwa ya kijani kilichokoza sana, marefu na laini, mmea uko gizani. Yakiwa ya kijani cha nyasi changa, mambo ni mazuri. Yakianza kuwa ya manjano au kupata wekundu ukingoni, jua limezidi. Njia nyingine ni kunyoosha mkono juu ya mmea saa sita mchana, kama urefu wa rula moja kutoka kwenye majani. Kivuli chenye ukingo hafifu ndicho kinachotakiwa. Kivuli cheusi chenye ukingo mkali maana yake ni jua la kuunguza. Usipoona kivuli chochote, sogeza chungu.

Hapa vitabu vya Ulaya huwapoteza watu wetu. Husema weka okidi kwenye dirisha linalotazama kusini wakati wa majira yao ya baridi. Kiamunyi iko karibu juu ya ikweta, kusini yake kidogo tu. Jua la adhuhuri huegemea upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, kwa hiyo dirisha lililo salama nusu ya mwaka huwa tanuri nusu nyingine. Dirisha la mashariki ndilo la kutegemea. Hupata jua la asubuhi ambalo bado ni laini, na ifikapo saa nne au saa tano jua limekwishapanda juu ya paa. Dirisha la magharibi linafaa likiwa na neti, maana jua la saa tisa hapa Bondeni halina huruma.

Usisahau vumbi. Kuanzia Januari hadi Machi, vumbi laini la barabara za mitaa hutanda juu ya kila kitu, na jani lenye vumbi ni kama dirisha chafu. Lipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, jani moja moja, juu na chini. Ukikuta vidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, chovya pamba katika spiriti uwapanguse, na urudie baada ya wiki moja.

Maji ya kisima na maji ya mvua

Swali la maji lina uzito wake Nakuru. Wengi wa Kiamunyi hutegemea visima virefu, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yanajulikana kwa floraidi iliyozidi. Meno yenye rangi ya kahawia ya wengi waliokulia hapa ni ushahidi usiohitaji maabara. Pamoja na floraidi huja chumvi nyingine, zile zinazoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mizizi ya okidi huteseka chumvi zinapojikusanya, kwa kuwa kwao porini hunywa maji ya mvua, karibu yasiyo na chumvi. Vichungi vya makaa ya mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imevieneza, vimewasaidia watu kupunguza floraidi katika maji ya kunywa. Hata hivyo kazi yake ni hiyo floraidi, si kuondoa chumvi zote.

Dawa ni rahisi na haina bei. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye paa, uache mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ujaze mtungi mmoja uufunike vizuri mbu wasiingie. Okidi moja haitumii hata lita moja kwa wiki, kwa hiyo mtungi wa lita 20 unaweza kukuvusha ukame. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia kwa wingi yapite chini, na mara moja kwa mwezi suuza mizizi kwa maji ya mvua.

Mara ngapi? Usifuate kalenda. Tazama mizizi kupitia chungu, ambacho ni vizuri kiwe cha plastiki inayoonyesha ndani. Mizizi iliyoshiba maji huwa ya kijani. Ikishageuka rangi ya fedha, ndipo inapotaka kunywa. Katika hali ya hewa ya Nakuru mara nyingi hiyo huwa kila siku 7 hadi 10, na huchelewa zaidi Julai. Mwagilia asubuhi juu ya beseni, acha maji yachuruzike yote, ndipo urudishe chungu mahali pake. Maji yakituama katikati, pale majani yanapokutana, yafyonze kwa karatasi ya shashi, kwani moyo wa mmea ukioza hakuna tiba. Na ile karatasi ya kung'aa ya zawadi, pamoja na chungu cha urembo kisicho na tundu, ndivyo vinavyozamisha okidi nyingi. Iondoe karatasi siku ile ile wageni wakishaondoka.

Baada ya miaka miwili au hivi, vile vipande vya maganda ya mti vilivyomo chunguni huwa vimeoza na kushikana kama matope. Hapo ni wakati wa kuhamisha, baada ya maua kwisha. Ng'oa mmea polepole, kata mizizi iliyo laini na ya kahawia, acha ile migumu. Vifaa vya kupandia vinapatikana bila kwenda mbali. Maganda ya msonobari huweza kuombwa kwenye viwanda vya mbao upande wa Elburgon. Yachemshe, yaanike, yakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Changanya na makaa yaliyovunjwa na yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, ambayo Bonde la Ufa limejaliwa nayo. Ukipata makumbi ya nazi kutoka pwani, yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke. Chungu kisiwe kikubwa, bali kiitoshe mizizi tu.

Kuhusu mbolea, nitasema machache. DAP inayopandiwa mahindi huko Njoro na Rongai isikaribie chungu hiki. Tumia mbolea ya maua inayoyeyushwa majini, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili kwa mwezi, mizizi ikiwa tayari imeloa.

Kukata au kutokata

Ua la mwisho likianguka, kiangalie kikonyo. Kama kimekauka na kuwa cha kahawia, kikate chini kabisa. Kama bado ni cha kijani na mmea una nguvu, yaani una majani manne au zaidi yaliyosimama imara, hesabu mafundo kuanzia chini na ukate juu kidogo ya fundo la pili au la tatu. Huenda tawi jipya likachipuka hapo na kuchanua baada ya miezi miwili au mitatu, japo maua yatakuwa machache na madogo zaidi. Kama mmea ni dhaifu, usiwe na tamaa. Kikate chote, uuache utengeneze majani na mizizi. Wembe au mkasi uupitishe kwanza kwenye moto, kwani magonjwa ya virusi husafiri kwa makali ya chuma.

Wakati mwingine fundo hutoa mmea mdogo wenye majani na mizizi yake badala ya maua. Huyo ni mtoto. Mizizi yake ikifikia urefu wa kidole, mtenganishe na umpande peke yake.

Sasa tupige hesabu. Tuseme okidi imekula vizuri na kukaa kwenye mwanga tangu Januari. Baridi ya kuanzia katikati ya Juni huipa wiki zake sita, na mwishoni mwa Julai au Agosti kitu kinachomoza kati ya majani. Wengi hushangilia bure, kwa kuwa mara nyingine huwa ni mzizi. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa. Ncha ya kikonyo ni bapa kidogo, imefanana na glavu ya mtoto, na huelekea juu. Kuanzia hapo hesabu miezi mitatu hadi minne, au zaidi kidogo nyumba ikiwa na ubaridi mwingi. Maua yatafunguka kuelekea Desemba, wakati wanao wanaporudi nyumbani kwa Krismasi.

Katika miezi hiyo usikizungushe chungu. Kikonyo hufuata mwanga, na kikigeuzwa kila wiki hupinda kama nyoka na maua yakatazama pande zote. Kifunge taratibu kwenye kijiti kikifika urefu wa kalamu.

Hatari ya mwisho ni ile ambayo watu hawaishuku. Matumba yakiwa yamevimba, huweza kugeuka manjano na kudondoka yote kwa siku mbili, na mama mwenye nyumba akamlaumu jirani mwenye jicho. Aangalie meza yake kwanza. Ndizi mbivu, maembe na matufaha hutoa gesi iitwayo ethilini, ile ile inayoivisha matunda, nayo huyaambia maua kwamba yamezeeka. Moshi wa jiko la makaa una gesi hiyo pia. Kwa hiyo sahani ya matunda ihamie jikoni, na jiko la kuota moto wa jioni lisiingizwe sebuleni, jambo ambalo ni hatari kwa watu vilevile.

Kuna wanaochoka na kungoja wakashawishika kununua okidi za porini zinazobanduliwa mitini na kuuzwa kisiri. Familia nzima ya okidi inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini kati ya nchi na nchi. Isitoshe, mmea uliobanduliwa kwenye mti wake mara nyingi hufa ndani ya miezi michache, kwa vile umepoteza mizizi mingi. Afadhali hiyo uliyo nayo nyuma ya mlango wa jikoni. Itoe leo uikague mizizi. Ikiwa hata mitatu bado ni migumu, ipeleke kwenye dirisha la mashariki.